Sabufa mpya, twita mbili zimeungua, na mwimbaji bado hasikiki. Nimekosea wapi?

Sienta_ya_Maweni (Jumapili usiku)

Salamaleko wazee wa mziki. Mimi ni dereva wa teksi hapa Malindi, nasukuma Sienta kati ya mjini, uwanja wa ndege na Watamu, mara mojamoja nafika Kilifi. Miezi miwili nyuma nikaona nami nijistareheshe. Nikanunua sabufa ya inchi 12 na boksi lake, ampu yake, ampu nyingine ya chaneli nne, spika za milango za inchi sita na nusu, na twita mbili za dashibodi, vile vispika vya sauti za juu. Redio ni Pioneer, hiyo nilikuwa nayo. Nikampelekea fundi, jina tuliache, akafunga tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Alipomaliza akaweka wimbo wa besi tupu, kioo cha nyuma kikatetemeka, nikatoa pesa nikaondoka nacheka.

Kicheko hakikufika Gede. Kuweka taarabu, mwimbaji yuko kama amefungiwa kabatini na besi imekalia mlango. Fidla inakwaruza masikio. Nikiongeza sauti, mlango wa kushoto unalia tatatata. Wiki ya pili twita ya kulia ikafa. Nikanunua nyingine, ikamaliza siku nane. Nimerudi kwa fundi, ananiambia ampu ni ndogo, nitafute kubwa zaidi. Juzi nimembeba mamangu kwenda Mambrui, tumevuka daraja la Sabaki tu akaniuliza, "Mwanangu, nani anagonga huko nyuma?" Nikazima.

Ninunue hiyo ampu kubwa ama?

TuktukKaskazi

Nunua. Besi haijawahi kumtosha mtu. Mimi kwenye tuktuk nina mbili za inchi 10 chini ya kiti, na abiria hawaombi punguzo, maana hata bei nikitaja hawasikii 😂

Fundi_Nyaya

Yakhe, usinunue kitu. Kwanza nijibu haya. Vile vifundo vya gein kwenye ampu vimezungushwa mpaka wapi? Swichi ya krosova, ile inayogawa sauti za juu na za chini, iko wapi? Redio umeweka besi na trebo ngapi? Fyuzi ya waya mkubwa iko wapi? Na hizo twita, kwenye waya wake kuna kidude kama pipa dogo?

Sienta_ya_Maweni

Gein zote mbili zimezungushwa mpaka mwisho. Kuna kifundo cha besi busti, hicho nacho mwisho. Swichi imeandikwa FULL. Redio besi +6, trebo +6, loudness iko on. Fyuzi iko nyuma kule, jirani na ampu. Twita zimeungwa moja kwa moja kwenye waya wa spika ya mlango, kidude sikioni.

Fundi_Nyaya

Basi majibu yote umeshayaandika mwenyewe. Nitaanza na la hatari kabla ya la utamu.

Ile fyuzi. Waya mkubwa unatoka betri, unapita chini ya zulia, unapita karibu na chuma tupu mpaka nyuma. Ukichunika katikati ukagusa bodi, fyuzi iliyo nyuma haina habari. Betri inamwaga moto wote pale, na zulia linawaka. Fyuzi ya kulinda waya hukaa mbele, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hamisha kesho asubuhi, kabla hujabeba abiria. Na ukiwa hapo, chuna kidogo ncha ya waya kwa kisu. Ikitokea rangi nyeupe ndani ya wekundu, huo ni alumini iliyovishwa shaba. Unafanya kazi, lakini lazima uwe mnene kuliko wa shaba, na hapa kwetu upepo wa chumvi hauwapi raha hao wawili wakikaa pamoja. Baada ya mwaka ncha inakuwa unga.

Twita. Twita ni kisahani chepesi, kimeumbwa kwa sauti za juu peke yake. Wewe umempa besi yote ya mlango. Hicho kipipa nilichokuulizia ni kepasita, ndiye bawabu wake. Kwa twita ya omu 4, kepasita ya maikrofaradi 4.7 huzuia taratibu kila kilicho chini ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 8,500 hivi, na ya 10 huzuia chini ya 4,000. Bei yake haifiki ya sahani ya pilau. Twita zako mbili zimekufa kwa kukosa hicho, halafu umeambiwa ampu ni ndogo!

Kisha gein, na hapa ndipo wengi huzama. Gein si kifundo cha sauti. Redio inapeleka volti kwenye nyaya za RCA, mbili au nne hivi, kutegemea redio. Gein inaiambia ampu itarajie volti ngapi. Ukiizungusha mpaka mwisho, umeiambia itarajie kijivolti cha kunong'ona, na wewe unaipelekea kelele za sokoni. Ampu inafika kikomo cha umeme wake haraka, wimbi la sauti likitaka kupanda zaidi linakatwa kichwa. Lilikuwa mviringo, sasa limekuwa kama meza. Hiyo "meza" inazaa sauti kali za juu ambazo kwenye wimbo hazikuwamo, na hizo zote zinaenda kumwangukia nani? Twita. Ukiongeza na besi +6 na besi busti juu yake, umelipa mara tatu kwa kitu kimoja. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu. Yaani ile +6 peke yake inataka wati mara nne pale kwenye besi.

Na usidanganywe na sanduku. Ampu ya sabufa imeandikwa ngapi?

Sienta_ya_Maweni

1,500W. Fyuzi yake ubavuni ni 30.

Fundi_Nyaya

😂 Ampea 30 mara volti 13.8 za gari likiwa linanguruma ni wati 414. Hizo ndizo zinazoingia, na nyingine zinapotea kuwa joto. Itoe 1,500 kutoka kisima gani? Tafuta neno RMS kwenye kitabu chake, hizo ndizo wati za kweli za mfululizo. Nakisia ni 300.

Sienta_ya_Maweni

300 kwa omu 4. Wallahi umeiona. Ya milango ni 75 kila chaneli, omu 4.

Fundi_Nyaya

Azima mita ya umeme kwa yeyote, hata fundi wa pasi anayo. Zidisha wati kwa omu, halafu tafuta kipeuo cha pili. Sabufa: 300 mara 4 ni 1,200, kipeuo chake ni volti 34.6. Milango: 75 mara 4 ni 300, kipeuo ni 17.3.

Sasa kaa chini. Rudisha besi, trebo na loudness sifuri. Besi busti zima kabisa. Gein zote chini. Chomoa nyaya za spika kwenye ampu, usije ukaua watu. Washa injini. Tia kwenye flashi sauti ya mlio mmoja ya desibeli 0, moja ya Hz 50 na moja ya Hz 1,000. Flashi nimesema, Bluetooth waache wanaotafuta stesheni njiani. Panda na sauti ya redio mpaka robo tatu, kama mwisho ni 40 basi 30, na hapo ndipo patakuwa mwisho wako maisha yote. Mita iweke volti za AC, ishike kwenye matundu ya spika, zungusha gein polepole. Sabufa kwa mlio wa 50 mpaka usome 34 hivi, milango kwa mlio wa 1,000 mpaka 17. Ukifika, acha. Ukiona mkono unawasha kuongeza, funga mlango wa gari nenda ukanywe kahawa.

Baada ya hapo krosova. Ampu ya milango iweke HPF, inayopitisha sauti za juu tu, Hz 80. Ya sabufa LPF, inayopitisha za chini tu, Hz 80 vilevile. Spika ya mlango ikiachiwa besi yote inahangaika kusukuma isichokiweza na sauti ya mwimbaji inatetemeka nayo. Mpe kila mtu kazi yake.

Masikio_Mawili

Mafundi wa mita bwana. Mimi natyuni kwa sikio miaka kumi na tano. Naongeza mpaka nisikie inakwaruza, narudi nyuma kidogo, basi. Mita haisikii mziki.

Fundi_Nyaya

Ami, sikio lako nalikubali, na kwenye spika za milango njia yako inafika. Lakini besi iliyokatwa kichwa sikio halisikii mapema, inaonekana nene tu, tamu hata. Koili inaungua huku unapiga makofi. Mita inaweka mpaka, sikio linapamba ndani ya mpaka. Sabufa hata mimi baada ya mita huishusha kwa sikio, sijawahi kuiacha ilipo.

Masikio_Mawili

Hapo sawa.

Dada_wa_Gede

Nafuatilia kimya. Mimi nina Probox ya kazi, redio ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani, ampu sina na sinunui. Kuna kitu naweza kufanya? Na stesheni za FM nyingi sizipati.

Fundi_Nyaya

Dada, redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya kwao, 76 mpaka 90, hizi za karibuni mpaka 95. Stesheni zetu zinafika 108. Wanauza kidude kinaitwa ekspanda, kinakaa kati ya antena na redio, kinashusha masafa. Kikishusha kwa 20, stesheni ya 100 utaikuta kwenye 80. Kinasaidia ila hula nguvu ya mawimbi, ukitoka mjini utasikia mchakacho. Redio mpya ya bei ya kawaida ni nafuu ya roho, na nyingi zina HPF ndani yake. Bila ampu, kuiweka 80 au 100 tu utashangaa spika zinavyotulia.

Yaliyobaki nitakayomwambia huyu wa Sienta kuhusu milango ni yako pia. Hayo hayahitaji ampu.

Dada_wa_Gede

Ahsante. Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, niseme moja na nisirudie: dereva anakaa humo kutwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Sikio likishakufa halina fundi.

TuktukKaskazi

Eti?

Sienta_ya_Maweni (Jumatano)

Taarifa ya habari. Fyuzi imehamia mbele. Waya ulikuwa mweupe ndani kama ulivyosema, nitaubadilisha mwisho wa mwezi. Kepasita nimepata mjini, twita mpya nimefunga. Gein nimepima. Unajua ya milango ilisimama wapi? Haikufika hata nusu. Ya sabufa kidogo zaidi ya robo! Yaani nilikuwa napiga mara chungu nzima.

Mwimbaji ametoka kabatini. Dumbaki inasikika kidole kwa kidole. Lakini besi yenyewe sasa imekuwa nyembamba, na kitu cha ajabu: nikisogeza balansi kulia peke yake besi ya mlango inakuwa nzito, kushoto peke yake nzito, nikiweka katikati inapotea. Nimelogwa?

Masikio_Mawili

Hujalogwa. Spika moja imegeuzwa, chanya na hasi. Moja inasukuma upepo nje, nyingine inauvuta ndani, zinauana. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya kwenye nyaya za kila spika, kufumba na kufumbua, usiishikilie. Koni inayotoka nje iko sawa. Inayoingia ndani, pindua nyaya.

Sienta_ya_Maweni

Ya kushoto ilikuwa inaingia ndani. Nimepindua. SUBHANALLAH. Miezi miwili!!

Fundi_Nyaya

Ami Masikio umenipiga bao. Na sabufa nayo ifanyie hivyo hivyo: weka wimbo wenye besi ya kutembea, kaa kiti cha dereva, mtu apindue swichi ya fezi kati ya 0 na 180. Ile inayofanya besi ije mbele na ijae ndiyo yako. Hakuna jibu la kila gari, boksi likigeuzwa tu jibu linabadilika.

Sasa mlango. Spika ya mlango ina sura mbili. Sauti inayotoka mbele ni besi, na inayotoka nyuma ni besi ileile iliyopinduka. Zikikutana zinafutana, kama zile spika zako mbili. Kwa hiyo chuma kati ya ndani na nje ya mlango kinatakiwa kiwe ukuta. Ukifungua kadi ya mlango wa gari lolote la kawaida utakuta matundu makubwa yamefunikwa nailoni, pengine hata nailoni fundi aliitupa. Hapo besi inapita kama maji kwenye tenga. Kuna zile karatasi nzito, nyeusi za mpira unaonata upande mmoja na alumini upande wa pili. Bandika kwenye bati la nje nyuma ya spika, kisha ziba yale matundu makubwa. Huna haja ya kufunika bati lote, robo yake tu inaua mlio.

Mambo mawili. Usidanganyike ukanunua ile ya lami ya kuzibia paa. Ni rahisi, ndiyo, lakini gari likikaa juani Malindi mwezi wa Februari itayeyuka, itanuka, na itakuja kudondoka kwenye reli ya kioo. Na chini kabisa mlangoni kuna vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Hivyo usiviguse. Nimeona mlango umebeba maji kama mtungi kwa sababu ya bidii ya mwenye gari.

Spika isikae kwenye plastiki inayocheza. Kata pete ya plaiwudi ya boti, ile wanayotumia majahazi, ipake rangi pande zote. Wengine hutumia ubao wa unga uliogandishwa, unakatika vizuri, ila ukila unyevu unavimba kama mkate kwenye chai.

Nahodha_Mokowe

Yambo wenzangu. Huku kwetu Amu gari ni punda, na punda hataki sabufa. Lakini mimi nina boti, nabeba watu Mokowe kuja Amu, na jioni wageni wa kuzunguka Manda. Nimetia spika nne za gari na sabufa ya inchi 10. Besi haipo. Ipo bandarini nikiinama juu yake, tukitoka mkondoni yote yapotea. Niongeze sabufa?

Fundi_Nyaya

Karibu nahodha. Hapana, usiongeze. Ndani ya gari besi inasaidiwa na gari lenyewe. Mawimbi ya besi ni marefu, la Hz 40 lina zaidi ya mita nane, halienei ndani ya Sienta. Kwa hiyo sabufa inakuwa kama pampu inayokandamiza hewa ya chumba kidogo, na ndiyo maana kadiri sauti inavyoshuka chini ndivyo gari linavyoiongezea nguvu bila malipo. Wewe kwako hakuna kuta, hakuna paa, na injini inanguruma palepale penye besi. Unashindana na bahari. Mimi ningeachana na besi ya chini kabisa. HPF ya spika weka 100, sabufa iikate chini ya 40 isihangaike bure, boksi liegemee kona ya ndani ya boti, chini, ili mbao zilisaidie. Halafu nguvu zako zote weka kwenye sauti ya mtu na ala. Wageni wanataka kusikia udi na ganuni jua likizama.

Koni za karatasi zitaoza, tafuta za plastiki. Waya chukua ule wa shaba iliyopakwa bati. Na tafadhali, mziki uwe na betri yake. Usije ukawastarehesha watu hadi katikati ya mkondo ukakosa umeme wa kuwashia mashine.

Nahodha_Mokowe

Hilo la betri lishanipata, nashukuru hukuuliza. Tulirudi kwa kasia, na kidogo kwa tanga la kuazima.

Sienta_ya_Maweni (Jumapili nyingine)

Milango tayari. Mlio wa tatata umekwisha, na hata mlango ukiufunga unasikika dhup kama gari la balozi. Pete nimechongewa na jamaa wa boti kule ufukweni, hakutaka hata pesa, alitaka kusikia tu.

Ila sasa kwa vile kumetulia nasikia mdudu. Zzzziiii, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Zamani sikuwa namsikia.

TuktukKaskazi

Huyo mdudu kwangu pia yuko, mimi nilidhani ni gia.

Fundi_Nyaya

Huyo ni altaneta anaimba kupitia ampu yako. Chomoa RCA kwenye ampu huku injini inanguruma. Akinyamaza, anaingilia njiani au kwenye redio. Akiendelea, anatoka kwenye waya wa ardhi wa ampu. Na waya mkubwa wa umeme umepitishwa upande gani?

Sienta_ya_Maweni

Kushoto. RCA... kushoto pia, wamefungwa pamoja kwa tepu kama bibi na bwana harusi. Waya wa ardhi umefungwa kwenye boliti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi. Nimechomoa RCA, mdudu amepungua lakini hajaisha.

Fundi_Nyaya

Basi una wawili. Wape talaka, RCA ipitishe kulia. Boliti ya mkanda wa kiti si ya kuchezewa, irudishe ilivyokuwa. Tafuta bati nene la bodi karibu na ampu, parua rangi mpaka chuma king'ae, funga waya mfupi, usizidi nusu mita, mnene sawa na ule wa chanya. Ukishakaza, paka grisi juu. Hapa baharini chuma kilichovuliwa rangi hakichukui hata kusi moja kabla hakijashika kutu, na kutu ikiingia mdudu anarudi.

Sienta_ya_Maweni (Jumanne)

Kimya. Nimezima kiyoyozi, nimefunga vioo, nikasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti. Wimbo nimeusikiliza tangu utotoni, sikujua kama kuna rika, lile tari dogo, inagonga nyuma yake.

Sasa Fundi, nimeshakuwa mgonjwa. Kitu kimoja: muziki wote unatokea kwenye mlango wangu wa kulia. Wa kushoto kama haupo. Nimesogeza balansi, lakini nikiisogeza inakuwa imepinda upande mwingine.

Fundi_Nyaya

Hiyo si sauti kubwa na ndogo, ni mapema na kuchelewa. Uko karibu na mlango wa kulia, sauti yake inakufikia kwanza, na ubongo humwamini aliyewahi. Pioneer yako ikiwa ina menyu ya Time Alignment, chukua futi ya fundi cherehani upime kutoka sikioni mpaka kila spika.

Sienta_ya_Maweni

Ipo. Kulia sentimita 80, kushoto 130, sabufa 190.

Fundi_Nyaya

Sauti husafiri sentimita 34 na ushei kwa milisekunde moja. Sabufa iko mbali kuliko wote, yeye asingoje. Kushoto yuko karibu zaidi kwa sentimita 60, mcheleweshe milisekunde 1.7. Kulia yuko karibu kwa 110, mcheleweshe 3.2. Redio nyingine zinataka umbali tu, zinapiga hesabu zenyewe, ukiona zinauliza sentimita basi andika hizo ulizonipa. Balansi rudisha katikati. Halafu funga macho uweke wimbo wa mtu mmoja na udi wake. Kama yuko juu ya usukani kidogo kushoto, umefika. Kama bado amepinda, sogeza upande mmoja kwa hatua ndogondogo, ya kumi ya milisekunde, mpaka akae.

Ekwalaiza ndiyo ya mwisho, na hapo tumia mkono mwepesi. Pakua programu ya simu ya kuonyesha masafa, piga pinki noizi, ile kelele sawasawa kama mvua juu ya mabati, zungusha simu taratibu pale kichwa chako kinapokuwa. Maikrofoni ya simu haiaminiki kule chini kwenye besi, hiyo acha sikio liamue. Lakini katikati na juu utaona vilima. Kwenye magari mara nyingi kipo kimoja kati ya 100 na 200, kinafanya sauti ya mwanamume iwe ya mtungini, na kingine kati ya 2,000 na 4,000, hicho ni kioo cha mbele kinarudisha sauti usoni. Fidla yako iliyokuwa inakwaruza iko hapo. Vilima vishushe, 2 au 3 tu. Mabonde yaache, mengi ni sauti zilizofutana, utamwaga wati humo na hayajai.

Masikio_Mawili

Na usityuni ukiwa umechoka au usiku baada ya safari ndefu. Asubuhi utakuta umeweka mambo ya ajabu.

Sienta_ya_Maweni (Jumamosi)

Nilishusha 2,500 kwa 3, na 160 kwa 2. Mwimbaji amekaa juu ya dashibodi, namwona. Hata namba za redio nimepunguza, zamani nilikuwa napiga 35, sasa 18 zinanitosha.

Leo nikamchukua mamangu, barabara ileile. Nikaweka taarabu ya ujana wake. Tumefika Sabaki hajasema kitu, nikajua nimeshinda. Kumbe anasikiliza. Tumekaribia Mambrui akanigeukia: "Uzuri ni mzuri. Lakini mwanangu, mbona huyu mama amekaa upande wako peke yako? Mimi nimekukosea nini?"

Dada_wa_Gede

😂😂😂 Mama ana masikio kuliko nyote humu.

Fundi_Nyaya

Mpe haki yake. Ile hesabu ilikuwa ya kiti chako. Redio yako ina kumbukumbu zaidi ya moja, hiyo ya dereva ihifadhi namba 1. Namba 2 fungua upya, kulia na kushoto ziwe na ucheleweshaji mmoja, wote 2.4. Wewe utasikia imevutwa kwako kidogo, yeye imevutwa kwake kidogo, hakuna atakayelalamika.

Sienta_ya_Maweni

Nimefanya. Namba 2 nimeiita MAMA. Ijumaa tunarudi Mambrui, na kaniambia nipitie kwa dada yake tumbebe, eti naye aje asikie. Huyo anakaa kiti cha nyuma. Fundi, kiti cha nyuma tunafanyaje?

Fundi_Nyaya

Spika za nyuma unazo?

Sienta_ya_Maweni

Zipo. Sijawahi kuzipima chanya na hasi.

Masikio_Mawili

Lete betri ya tochi.